Dada, Mashine Yangu Inatoa Povu



Leo sina maswali kumi ya kujibu. Ninalo moja, na nimelala nalo siku mbili. Limetoka kwa mdogo wetu anayefanya kazi Korogwe mjini. Kwao ni Lutindi, kule juu milimani, na ameniomba nisimtaje jina. Alipopata mgao wake wa kikundi cha akiba cha VICOBA hakununua kitenge wala simu. Alinunua mashine ya mtumba ya kuoshea siti na makapeti ya magari, ile ambayo mdomo wake mmoja unanyunyiza maji na kuyafyonza papo hapo. Siku ya tatu ya kazi, akiwa ndani ya gari aina ya Noah linalopandisha abiria Lutindi, mashine ikaanza kutema povu kwa nyuma, mota ikanguruma kama mtu aliyepaliwa, naye akachomoa waya huku mikono inamtetemeka. Tangini alikuwa ameweka sabuni ya maji wanayoitengeneza wenyewe kwenye kikundi chao. "Dada," ameniandikia, "sabuni yetu ina povu kushinda zote za sokoni. Nimekosea wapi?"

Mdogo wangu, kwanza pole. Pili, umefanya vizuri kuchomoa waya, maana wengi wangeendelea mpaka wasikie harufu ya kuungua. Usiiwashe tena hivihivi. Mwaga tangi la maji machafu ulisuuze. Toa boya na chujio, vioshe, halafu iache mashine wazi mahali penye hewa mpaka kesho yake. Baada ya hapo iwashe bila maji yoyote, ifyonze hewa kavu dakika chache. Ikitulia, umepona. Ikiendelea kunguruma au ikinuka, mpelekee fundi wa mota, wala usiilazimishe kumaliza kazi ya mteja. Mteja anaweza kusubiri. Mota ikiungua, mtaji wako wote umeondoka nayo.

Kilichotokea ni hiki. Ndani ya tangi la maji machafu mna boya. Maji yakijaa, boya linapanda na kuziba njia ya hewa, mvuto unakatika, na mota inabaki salama. Boya hilo linanyanyuliwa na maji. Povu ni jepesi mno kulinyanyua, kwa hiyo linapita pembeni yake kimyakimya, linaingia kwenye feni, na unyevu uliomo unafika mahali ambapo maji hayakutakiwa kufika kabisa. Tangi halikuwa hata nusu, sivyo? Ndiyo maana hukushtuka.

Sabuni yenu si mbaya, na nisingependa uende kuwaambia wenzako kwamba Dada kaitukana. Najua inavyopikwa: slesi, ambayo wengine wanaiita ungaroli, salfoniki, soda ya kufulia, chumvi ya kuifanya iwe nzito, rangi na manukato. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamewafundisha kinamama wengi kazi hiyo na nyumba nyingi zinasomesha watoto kwa madumu ya sabuni. Lakini slesi imewekwa mle makusudi ili itoe povu, kwa sababu anayenunua sabuni ya vyombo anaipima kwa macho. Ni sabuni nzuri ya sufuria, ya sakafu, ya nguo za kufua kwa mkono. Ndani ya mashine inayofyonza, sifa yake inageuka kuwa kasoro yake.

Hapa ndipo ninapotaka wadogo zangu wote mnisikilize, hata wale wasio na mashine. Tumelelewa tukiamini kwamba povu ndilo linalotakatisha. Mama akichovya mkono kwenye beseni na povu limeisha, anaongeza sabuni. Ukweli ni kwamba povu ni hewa iliyofungwa ndani ya maji yenye sabuni. Kinachobandua uchafu ni chembe za sabuni zenyewe, ambazo upande mmoja zinashika mafuta na upande wa pili zinashika maji. Kazi hiyo inafanyika hata kama huoni povu hata kidogo. Kwa hiyo unapochagua dawa ya mashine, usiulize inatoa povu kiasi gani wala inanukia vipi. Uliza mambo mawili: inaweza kushika uchafu wa namna hii? Na je, ikishaushika, itatoka pamoja nao?

Jaribu nyumbani kabla hujaitia tangini. Chukua chupa angavu ya nusu lita isiyo ya kinywaji, weka maji hadi katikati, tia dawa kwa kipimo kilekile utakachotumia kazini, funga, tikisa mara kumi kwa nguvu, kisha iweke mezani. Baada ya dakika moja angalia. Povu likiwa limeshuka na kubaki utepe mwembamba pembezoni, dawa hiyo inafaa mashine. Likiwa bado limejaa shingoni kama bia, iache ndoo na brashi viitumie. Jaribio la pili linataka subira. Mimina kijiko kimoja cha mchanganyiko huo kwenye sahani ya kioo, uianike mpaka ikauke kabisa, halafu ipitishie kidole. Ukikuta unga mkavu unaopeperuka, vizuri, kwa sababu mabaki kama hayo yanatoka kwa brashi. Ukikuta utando unaonata, jua kwamba utando huohuo utabaki kwenye siti ya mteja, na kila vumbi litakalopita litanasa humo.

Hili la kunata nililijua kwa gharama. Nikiwa bado msichana nilimwoshea shemeji yangu siti za gari kwa sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, nikazisugua kwa moyo wote, povu likafurika mpaka mlangoni. Zilipokauka zilipendeza. Baada ya wiki mbili zilikuwa chafu kuliko mwanzo na ngumu kama kadibodi. Nililia, kwa sababu nilidhani sikusugua vya kutosha. Kumbe nilisugua sana na kusuuza kidogo. Mteja akikurudia akisema "dada, siti imechafuka haraka", usikimbilie kumlaumu kwamba anapakia watu wachafu. Mara nyingi ni sabuni iliyobaki.

Sasa dawa gani? Makampuni yanayotengeneza mashine hizi, kama Kärcher ya Ujerumani na Bissell ya Marekani, huuza dawa zao zenye povu dogo, na unaweza kuulizia dawa za aina hiyo kwenye maduka makubwa ya vifaa vya usafi Dar es Salaam. Ukiipata, tafuta maneno yanayosema ni ya mashine ya kunyunyiza na kufyonza. Shampuu ya kapeti ya kusugua kwa mkono ni kitu kingine kabisa, ingawa chupa zinafanana. Ukikosa, sabuni ya unga ya mashine ya kufulia nguo ina povu dogo kuliko ya kufulia kwa mkono, kwa sababu nayo imetengenezwa kwa ajili ya mashine. Yeyusha kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, chuja kwa kitambaa, ujaribu kwanza pale siti isipoonekana. Siyo chaguo la kwanza, lakini litakuvusha.

Na hapa nakupa siri ya mafundi wazoefu, ambayo itakupunguzia gharama kuliko punguzo lolote la dukani. Tangini weka maji matupu. Dawa itie kwenye chupa ya kupuliza, ipulize kidogo juu ya siti, sugua kwa brashi laini, ngoja dakika tano hadi kumi bila kuiacha ikauke, kisha ndiyo upite na mashine ikinyunyiza maji safi na kufyonza. Dawa inafanya kazi juu ya siti, mashine inasuuza. Povu linapungua, mabaki yanapungua, na dawa inakaa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1959 Mjerumani mmoja, Herbert Sinner, mkemia wa kampuni ya Henkel, alieleza kwamba usafi wowote unasimama juu ya mambo manne: dawa, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine. Mama zetu walilijua hilo bila kulichora, ndiyo maana waliloweka nguo za shule tangu Ijumaa jioni. Ukipanda kufanya kazi Lutindi kwenye maji ya baridi kali, usikimbilie kuongeza dawa. Ongeza muda. Pasha maji yawe vuguvugu ukiweza, ila usitie yanayochemka, maana mashine ndogo hazikujengwa kuyahimili.

Tuje kwenye madoa yenyewe, maana hakuna dawa moja ya kila kitu, na anayekuuzia dawa ya kila kitu anakuuzia maneno. Unakumbuka mizani ya pH ya darasa la kemia? Inaanza 0 hadi 14. Maji safi yako 7. Chini ya hapo ni asidi: limao na siki viko kati ya 2 na 3. Juu ya hapo ni alkali: magadi, maji ya majivu na sabuni nyingi za unga za kufulia ziko 10 hivi au zaidi. Kila namba moja ni mara kumi ya ile inayofuata, kwa hiyo 10 si "zaidi kidogo" ya 9. Alkali inapenda mafuta, jasho na taka za mwilini zilizoganda kwenye siti. Asidi inapenda chai, kahawa na kutu. Nunua karatasi za kupimia pH, kiboksi kidogo tu, upime kila dawa unayouziwa. Kwa siti za kitambaa mimi sipendi kuvuka 10. Ukitumia dawa ya alkali, maliza kwa kusuuza na maji yenye siki kidogo, mililita 20 kwa lita moja, ili kitambaa kisibaki na ukakasi. Kisha pitisha maji matupu kwenye mashine yenyewe, siki isilale ndani yake.

Adui yako mkubwa, mdogo wangu, ni udongo mwekundu. Kuanzia Handeni, Segera, Korogwe na kupanda milima ya Usambara, wekundu ule ni oksaidi za chuma, yaani kwa lugha ya nyumbani ni kutu iliyosagwa laini kuliko unga wa muhogo. Sabuni haiyeyushi kutu. Ukimwaga maji juu ya siti yenye vumbi hilo unatengeneza rangi ya kupaka nyumba na kuisukuma ndani ya sponji. Nimeona vijana wakianza na maji, halafu wanashangaa siti ya kijivu imekuwa ya chungwa. Vumbi kavu litoke likiwa kavu. Piga siti kwa kiganja, sugua kwa brashi kavu, fyonza kwa mashine ya vumbi, rudia. Kama hali ya gari ni ya tope lililoganda, liache likauke kabisa kwanza, livunje, litoe. Nusu ya kazi yako yote iko hapa, na hapa hakuna dawa inayohitajika.

Baada ya hapo ndipo dawa yako yenye alkali ya wastani inafuata, kwa sababu inazitawanya chembe za udongo zisishikamane, nayo mashine inazibeba. Kikibaki kivuli cha chungwa ambacho hakitaki kuondoka, hiyo sasa ni kazi ya asidi. Unga wa asidi ya sitriki, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji, paka juu ya kivuli tu, ngoja dakika tano, suuza kwa maji mengi na ufyonze. Asidi hii inakishika chuma na kukiachanisha na nyuzi. Usiweke Jik, ile dawa ya kupaushia nguo, hapo. Jik haiondoi wekundu wa chuma, na ikikuta kutu changa inaizidisha. Utaunguza rangi ya kitambaa na doa litabaki linakutazama.

Chai nayo ina tabia yake, na sisi ni watu wa chai: mashamba ya Ambangulu, Mponde, milima mizima imevaa kijani. Chai ya rangi ikimwagika kwenye siti, ukaivamia kwa dawa ya alkali, inazidi kuwa nyeusi. Anza na maji baridi, kisha siki au sitriki hafifu, kisha maji. Ikiwa ya maziwa, ndani yake mna protini na mafuta pia, hivyo asidi peke yake haitoshi. Malizia na dawa yako ya kawaida. Na chai ikichuruzika mpaka kwenye reli ya siti yenye kutu, unaweza kukuta doa jeusi tii ambalo hujui limetoka wapi. Tanini ya chai imekutana na chuma. Karne nyingi watu walitengeneza wino kwa njia hiyohiyo.

Damu, maziwa na matapishi: maji baridi. Narudia, baridi. Moto unaigandisha protini kwenye nyuzi kama yai linavyoganda kikaangoni. Dawa zenye vimeng'enya ndizo zinazofaa hapa, maana zinaikata protini vipandevipande, lakini zinataka muda na hazitaki kuchanganywa na Jik, kwa sababu Jik inaviua vimeng'enya vyenyewe. Mafuta ya samaki kutoka Tanga yanataka alkali na uvuguvugu. Grisi ya fundi inataka spiriti kidogo kwenye kitambaa, milango wazi, na ikauke kabisa kabla mashine haijakaribia.

Petroli usitumie kabisa. Najua wapo wanaoitumia kutoa grisi. Mashine ya umeme inayofyonza mvuke wa petroli ndani ya gari lililofungwa ni moto unaosubiri cheche, na mota yenyewe inatoa cheche.

Nimetaja matapishi kwa sababu Noah yako hiyo si gari la kawaida. Barabara ya kwenda Lutindi ni kona na mlima, na wengi wanaopanda wanakwenda Hospitali ya Lutindi. Hospitali ile ilianza 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 inahudumia wagonjwa wa akili. Leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Kwa zaidi ya miaka mia moja familia zimepanda mlima ule zikiwa na ndugu yao aliyechanganyikiwa, amechoka, ana hofu, pengine amepewa dawa zinazomlegeza. Atatapika. Atajikojolea. Mama anayemshika ataona aibu isiyo yake. Ninakuomba kwa dhati, siti hiyo ikifika kwako, usiitangaze mbele ya watu, wala usimruhusu kijana wako akunje uso na kuuliza ni nani aliyefanya. Ifute, ioshe, imalize. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi unayolipwa.

Na mkojo ndio unanifikisha kwenye jambo ambalo ningekuwa karibu ningekushika mkono nikikuambia. Wengi wakisikia harufu ya mkojo wanakimbilia Jik. Mkojo uliokaa una amonia. Jik ikikutana na amonia inatoa kloramini, hewa inayochoma macho, koo na mapafu. Jik ikikutana na siki, limao au dawa ya choo yenye asidi, inatoa klorini, hewa ileile iliyotumika kuua askari kwenye Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915. Wewe uko ndani ya Noah, umeinama, vioo vimepandishwa ili vumbi lisiingie. Nilishawahi kumtoa kijana kwenye gari la namna hiyo akikohoa mpaka akashindwa kusimama, na alikuwa amechanganya vitu viwili tu vya dukani, vyote halali, vyote vyenye picha nzuri kwenye chupa. Alipona, namshukuru Mungu. Ikikutokea, toka nje mara moja, fungua milango yote, kaa penye hewa, na kifua kikibana nenda hospitali bila kuona aibu. Kwenye kazi ya siti Jik haina nafasi hata moja. Mkojo unatibiwa kwa maji mengi baridi, dawa yenye vimeng'enya, muda, kisha siki hafifu na kufyonza. Harufu ikirudi siku ya jua, jua kwamba umesafisha kitambaa na kuacha sponji.

Sasa mahali unapofanyia kazi. Hili sijaona likiandikwa kwenye chupa yoyote. Maji ya milimani ni mepesi, hayana madini mengi, kwa hiyo dawa kidogo tu inafanya kazi na ukizidisha inakutolea povu. Punguza kipimo. Handeni imehangaika na maji kwa miaka mingi, na ingawa bomba kuu la Handeni, HTM, linavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, bado wapo wanaotegemea visima, na baadhi ya visima vina chumvi. Maji hayo yanaishikilia dawa isifanye kazi, halafu yakikauka yanaacha weupe kwenye siti nyeusi. Kwa kusuuzia, kinga maji ya mvua. Ndoo mbili zilizofunikwa zinatosha gari dogo.

Hali ya hewa nayo ina amri zake. Handeni jua linakausha dawa kabla hujaifyonza, inabaki mistari ya duara kama ramani. Fanya kazi kivulini, siti moja kwa wakati mmoja, na usipulize nyingine kabla hujaimaliza ya kwanza. Lutindi ni kinyume chake. Ukungu unashuka alasiri, hewa imejaa maji, na siti iliyoloweshwa Jumatatu inaweza kuwa na unyevu Jumatano. Ndani ya siku moja au mbili kuvu linaanza, na harufu ya kuvu haiondolewi na manukato yoyote. Kule tumia maji kidogo, na kwa kila mpito mmoja wa kunyunyiza, pita mara tatu ukifyonza tu. Angalia pia waya wa njano chini ya siti za mbele. Kwa kawaida ndio wa mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, usiumwagie maji. Dari la gari limegandishwa kwa gundi, usilipitishie mashine. Siti ya ngozi vilevile. Hiyo ni kazi ya kitambaa chenye unyevu.

Mazulia ya mkonge, maana Korogwe huwezi kukosa mteja mwenye zulia la mkonge, usiyapitishie mashine ya maji. Mkonge ulifika kwetu 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, umetusomesha na kutujengea miji, lakini ukilowa na kukauka taratibu unaacha doa la kahawia, na alkali inalizidisha. Brashi kavu na mashine ya vumbi, basi.

Kuhusu bei, usihesabu chupa. Hesabu lita iliyo tayari kwa kazi. Tuseme dumu la lita 5 ni shilingi 60,000 na linachanganywa moja kwa 40, yaani sehemu moja ya dawa kwa 40 za maji. Utapata lita 205, chini ya shilingi 300 kwa lita. Chupa ya kupuliza ya nusu lita ya shilingi 5,000 inaonekana rahisi, ila ni shilingi 10,000 kwa lita. Pima kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano yake, linauzwa duka la dawa. Kipimo cha "kifuniko" kinategemea kifuniko cha nani. Kwa moja kwa 40, lita 10 za maji zinataka mililita 250. Na dawa usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Mtoto hasomi, anaona chupa.

Maji machafu usiyamwage kijitoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli kama hizi zikae mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na chini yako kuna mtu anayechota ya kupikia. Yamwage kwenye udongo, mbali na mboga na kisima.

Umeniuliza mwishoni mwa barua kama umrudishie dereva wa Noah hela yake. Usimrudishie. Mwite, mwambie mashine ilipata hitilafu, umeijua sababu, na utamaliza kazi kwa mkono kesho. Siti zikiwa kavu, zipige, zifyonze vumbi, zipulizie dawa ya povu dogo, sugua, futa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilichokamuliwa sana, kwa maji mawili, mpaka maji ya ndoo ya mwisho yatoke meupe. Fungua milango yote mahali penye upepo. Atakuja saa kumi na moja jioni akitaka gari kwa ajili ya safari ya alfajiri. Weka kiganja katikati ya siti, bonyeza, uhesabu mpaka kumi. Ukisikia ubaridi, ndani bado kuna maji, mwambie asubiri, hata akikasirika. Mama atakayeipandia asubuhi kwenda Lutindi atakaa hapo na mgonjwa wake muda wote wa kupanda mlima.

Ni mimi dada yenu.